Ukuta Mweusi wa Chumba cha Mama

Mei 29

Nimenunua kipimajoto. Ni kile cha kufugia vifaranga, na mwenye duka alicheka nilipomwambia kuku wangu ana miaka themanini na moja. Nimekitundika kwenye msumari juu ya kitanda cha Mama. Saa kumi na mbili asubuhi kilionyesha nyuzi kumi na moja. Nje, uani, zilikuwa tisa. Yaani katika nyumba hii ya mawe, yenye mlango wa mbao ngumu na madirisha makubwa yanayotazama barabara, kulala ndani na kulala nje kunatofautiana kwa nyuzi mbili.

Ninaandika ili Kaka asije akaniambia tena kwamba baridi ni mawazo yangu. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba hii miaka thelathini iliyopita, akiwa mwashi kijana, na tangu hapo amejenga nusu ya mtaa. Ukiilalamikia nyumba, umemlalamikia yeye.

Mei 31

Manyunyu. Nyuzi kumi na moja. Mama amekohoa mpaka ikabidi akae kitako.

Juni 3

Kaka amekuja na mkewe, wifi yangu, wamebeba blanketi la tano. Nikamwonyesha kipimajoto. Hakukitazama.

"Mdogo wangu, huu ni msimu. Kila mwaka unakuja na kila mwaka unaondoka."

"Na Mama je? Naye aje na kuondoka?"

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kaka akasema tuwashe jiko la mkaa chumbani kama tulivyofanya siku zote. Kama sitaki, Mama ahamie kwake, kwenye hita ya umeme. Wifi alisimama mlangoni, mikono kaificha kwapani. Tangu aolewe sijamsikia akimpinga mtu. Kaka akisema ndiyo, yeye ndiyo. Kaka akikohoa, yeye anatafuta leso.

Juni 6

Nimeshona kaptula kumi na mbili za wanafunzi. Vidole vimekufa ganzi, sindano imenichoma mara tatu. Nyuzi kumi na moja.

Juni 10

Ninaandika kwenye benchi la hospitali.

Jana mchana nilikuwa kwenye kibanda changu cha cherehani, sokoni. Wifi alikuwa amekuja kukaa na Mama. Saa tisa nikarudi nyumbani kuchukua mkasi niliousahau. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha Mama umefungwa, na chini yake kumesokomezwa tambara. Nikausukuma. Joto likanipiga usoni, na Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Kisha nikaliona jiko la mkaa katikati ya sakafu, jekundu, na dirisha limekazwa. Mama alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Nikamwita, hakuitika. Wifi alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta, naye amelala usingizi usio wa kawaida. Nikamkokota Mama kwa shuka lake, sakafuni, koridoni, mpaka uani kwenye manyunyu. Nikarudi, nikampiga wifi makofi mawili ya nguvu. Alitoka kwa magoti na mikono, akatapika kwenye ndoo ya nguo.

Jirani mwenye gari alitukimbiza. Daktari amesema mkaa ukiwaka chumba kikiwa kimefungwa, hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Nusu saa nyingine, amesema, ningekuja kuchukua maiti mbili.

Mama amefumbua macho alfajiri. Neno lake la kwanza: "Mbona mmeninyeshea?"

Wifi alikuwa ukutani, amejifunika shali. Nilimwambia asikanyage kwangu tena. Nilisema na mengine. Sijuti hata moja. Kaka alisimama katikati yetu kama mlingoti, na wifi hakujibu kitu.

Juni 12

Daktari anasema mkaa marufuku, milele. Anasema pia kwamba mapafu ya Mama hayatavumilia msimu mwingine kwenye baridi. Nikamuuliza nifanyeje. Akasema, "Mtafutie chumba chenye joto." Kana kwamba vinauzwa kwa kilo.

Lakini leo nimekiona. Wodi ya wanawake ina baraza ndefu upande wa nyuma, imezibwa kwa vioo kuanzia chini mpaka juu. Mama alikaa humo baada ya chai, na baada ya robo saa akavua sweta. Mama! Akavua sweta mwezi Juni!

"Hapa mnawasha nini?" nikamuuliza mama wa usafi.

"Hatuwashi kitu."

"Joto hili linatoka wapi?"

Akaelekeza ufagio juani. "Linatoka pale, linaingia hapa, halioni njia ya kutokea. Mchana tunafungua milango ya wodi joto liingie, jioni tunaifunga. Kazi yangu ni hiyo tu, na kufuta vioo. Vikichafuka wagonjwa wananigombeza mimi, kana kwamba nimelizima jua."

Nikamuuliza nani aliyevifunga. Akasema ni fundi vioo mmoja nyuma ya stendi. Jina lake halikumbuki, wote wanamwita Milimita.

Juni 15

Mama yuko nyumbani. Nyuzi kumi na moja. Nimemvika soksi tatu, na bado vidole vyake ni baridi kama vijiko.

Juni 17

Siku tatu ninalifukuza jua kwa chaki. Kila saa ninachora mahali linapofika, ndani na nje. Kwenye madirisha makubwa ya barabarani halikufika hata mara moja. Kutwa nzima kuna kivuli. Kwenye ukuta wa nyuma, ule wa chumba cha Mama, usio na kitu ila kidirisha cha ukubwa wa sinia, jua lilifika saa tatu asubuhi likakaa mpaka saa kumi. Saa saba zote linapiga mawe, na sisi tuko upande wa pili tunatetemeka.

Juni 20

Milimita amekuja kwa baiskeli. Ni mwembamba, mpole, na sikumsikia akitaja kipimo kikubwa kuliko kile anachoitwa. Aliizunguka nyumba mara mbili.

"Nani kaijenga?"

"Kaka yangu."

"Basi sisemi."

"Sema."

"Dada, wewe ni mshonaji. Nyumba hii imevaliwa kinyume."

Akanieleza. Miezi ya baridi jua linapita upande wa nyuma. Miezi ya joto linahamia upande wa barabara. Madirisha yetu yote yako barabarani. "Kwa hiyo Januari mnaokwa, na Juni mnagandishwa. Mmekosa pande zote mbili."

Kisha tukakaa jikoni akanichorea njia tatu nyuma ya bahasha.

Ya kwanza ni kutoboa ukuta wa nyuma na kuweka dirisha kubwa, jua liingie lenyewe mpaka kitandani. Ya pili ni chumba cha vioo kama kile cha hospitali, kimeegemezwa nyumba kwa nje. Ya tatu sikuwahi kuisikia: ukuta uachwe ulivyo, upakwe rangi nyeusi kwa nje, na mbele yake, umbali wa kiganja, isimamishwe fremu ya vioo. Jua linapita kwenye kioo, mawe meusi yanalimeza, na kioo kinazuia upepo usilipokonye. Ukutani yanatobolewa matundu chini na juu. Hewa baridi ya chumbani inaingilia chini, inapashwa moto kati ya kioo na mawe, inapanda, na kurudi chumbani kwa juu. Na mawe yenyewe, kwa kuwa ni manene, yanalipitisha joto polepole. Linafika ndani jioni, baridi inapoanza.

"Uchague moja," akasema. "Zote ni jua. Hakuna inayokula mkaa."

Nimekaa na bahasha ile jioni nzima. Dirisha kubwa linanivutia, lakini Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na mwanga mkali unamtoa machozi. Tena kioo kinachoingiza jua mchana ndicho kitakachotoa joto usiku. Chumba cha vioo ni kizuri, ningekaa humo na cherehani yangu kama malkia, ila uani pale pana tangi la maji na kamba za nguo, na sina pa kuvihamishia. Ukuta mweusi haumwumizi Mama macho. Haubomoi. Unafanya kazi yake wakati tunapouhitaji. Ubaya wake ni kwamba unatisha kuutazama, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kuuona.

Nimechagua ukuta mweusi.

Juni 22

Kaka ameiona bahasha.

"Matundu manane kwenye ukuta wangu?"

"Ukuta wa Mama."

"Unajua ukuta ule umebeba nini? Umebeba paa! Unatoboa toboa kama chujio, siku moja paa linakukalia kichwani."

"Sitoboi chujio. Manne chini, manne juu."

"Na hiyo rangi! Watu wakipita watasema mama wa fundi mwashi anaishi ndani ya chungu."

"Waseme. Chungu kina joto."

Akapiga meza. Akasema ameshika mwiko tangu sijaota meno ya utu uzima, na leo ninakwenda kufundishwa kujenga na muuza vioo wa stendi. Nikamwambia hakuna anayemfundisha yeye, ila nyumba aliyoijenga imetazama upande usio na jua. Basi, nikawa nimelitamka. Akaisukuma bahasha upande wangu.

"Mimi sishiki kazi hiyo," akasema. "Na hutampata wa kuishika."

Juni 25

Mafundi wanne nimewafuata, wanne wamekataa. Wa mwisho alikuwa na aibu kidogo. "Dada, Bosi kasema atakayekuja kwako asirudi kwake." Ana watoto, simlaumu.

Ninayo nyundo. Patasi nimenunua leo.

Juni 26

Tundu la kwanza. Kutwa nzima nimepiga mawe, nimeingia urefu wa kidole kimoja.

Juni 28

Nikiwa juu ya stuli, mavumbi mpaka kwenye kope, nikasikia lango. Wifi. Amevaa suruali ya kazi ya Kaka, imekunjwa miguuni mara tatu, na ana glavu.

"Nimekuja kubeba kifusi," akasema.

"Nenda zako."

Hakwenda. Mama, aliyekuwa amekaa juani kwenye kiti chake, akasema bila kufungua macho, "Mwache mwenzio. Jiko lile niliomba mimi."

Nikashuka kwenye stuli.

"Nilimwambia washa, akakataa," Mama akaendelea. "Nikamlilia. Tambara la chini ya mlango nilimwambia mimi. Na dirisha. Upepo ulikuwa unanikata mbavu, mwanangu, ungekuwepo ningekulilia wewe."

Nikamgeukia wifi. "Na wewe hukusema? Nilikutukana mbele ya wodi nzima!"

"Ningesema nini? Kwamba mama mkwe wangu nusura ajiue kwa baridi?" Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, akazivaa glavu zake. "Mwenyewe nilipaswa kukataa. Nishushie hayo mawe."

Miaka yote hii nilimwita mnyonge moyoni mwangu. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikampa nyundo, mimi nikachukua patasi. Tukapokezana mpaka jua likatoka ukutani.

"Kaka anajua uko hapa?" nikamuuliza.

"Anajua suruali yake haipo."

Julai 2

Matundu matano. Kaka amekuja, akasimama langoni, amemwona mkewe juu ya stuli. Kidole alinielekezea mimi.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Chumba kisipopata joto, namchukua Mama."

"Hunipi kitu. Mwezi ni wa Mungu na nyumba ni ya Mama."

"Mwisho wa mwezi," akarudia. Alipogeuka kuondoka akasimama. "Hilo tundu la tatu. Umeliweka chini ya kiungo cha mawe mawili. Lisogeze kushoto, na juu yake uache jiwe zima."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikalitazama tundu, na alikuwa sahihi. Nimelisogeza.

Julai 7

Matundu manane. Mikono yangu haishiki sindano, wateja wananuna. Wanune.

Julai 9

Rangi nyeusi. Watoto wa mtaa wameshaipa nyumba jina: Nyumba ya Makaa. Mama ameambiwa, akasema ni jina zuri kuliko la mume wake, marehemu Baba.

Julai 11

Milimita amefunga vioo. Ni vioo vya duka lililovunjwa, kimoja bado kina nusu ya neno "PUNGUZO". Ameacha nafasi ndogo pembeni mwa kila kioo, anasema kikipata joto kinatanuka, ukikibana kinalia. Saa nane mchana niliweka mkono kwenye tundu la juu. Hewa ya moto ilinitoka kati ya vidole kama pumzi ya ng'ombe. Wifi akaweka mkono wake, kisha tukamwinua Mama naye akaweka. Tulisimama watatu pale kama wanaoota moto, na moto haupo.

Saa moja jioni: nyuzi kumi na saba!

Julai 12

Saa kumi na mbili asubuhi: nyuzi kumi. KUMI. Chini kuliko kabla sijapiga jiwe la kwanza.

Julai 13

Tena kumi. Mama alijifunika blanketi zake tano akanitabasamia, na hilo ndilo linaloniuma. Kaka amepata habari, maana fundi mmoja alipita ukutani akauliza kwa sauti kama chungu kimeiva.

Nimelia bafuni. Halafu nimenawa uso. Siwezi kuyarudisha mawe niliyoyatoa, kwa hiyo liko la kufanya moja tu, nalo ni kujua joto linatoroka wapi.

Julai 14

Nimelijua. Kabla ya jua kuchomoza nilishika kipande cha uzi mbele ya kila tundu. Mchana uzi wa juu unapepea kuja chumbani. Alfajiri ulikuwa unanyonywa kwenda nje! Na chini, hewa baridi kama ya mtoni ilikuwa inamwagika ndani. Mashine yote ilikuwa inarudi nyuma. Jua likizama, hewa iliyo nyuma ya kioo inapoa, inashuka, inaingia kwetu kwa chini, na kulivuta joto la Mama kwa juu. Nilikuwa nimejenga nyumba inayovuta pumzi mchana na kuitoa usiku.

Milimita anasema kuna vifuniko vya bati vya kufungua na kufunga kwa mkono. Lakini nani atakumbuka kila siku, jua linapotoka na linapozama? Mimi niko sokoni. Mama hafiki juu.

Nimelifikiria hilo nikikata bitana ya koti la mteja. Kitambaa kile ni chepesi kiasi kwamba ukipumua kinakukimbia. Nikasimamisha mkasi.

Julai 15

Tumeweka wavu wa chuma kwenye kila tundu la juu, upande wa chumbani. Mbele ya wavu nimening'iniza bitana, nimeishona kwa juu tu, chini iko huru. Hewa ya moto ikija kutoka ukutani inakisukuma kitambaa na kupita. Ikitaka kurudi, inakinyonya kitambaa kwenye wavu, na njia inafungwa. Hakuna mtu wa kufungua wala kufunga.

Wifi aliketi kitandani na Mama wakitazama vitambaa vinne vikipumua. "Miaka ishirini na mbili nimeolewa na fundi," akasema, "na sijawahi kuona mlango wa bitana."

Julai 16

Nyuzi kumi na sita, saa kumi na mbili asubuhi. Nimeandika na kuandika tena pembeni, na kuchora mstari chini yake. Kumi na sita.

Julai 17

Kumi na sita na nusu. Mama amelala bila kukohoa, mimi ndiye niliyeamka kwa kuogopa ukimya.

Julai 20

Mawingu.

Julai 22

Mawingu. Kumi na nne.

Julai 24

Mawingu, manyunyu. Kumi na tatu. Jua halipo, ukuta umelala tu kama ukuta mwingine wowote. Lazima niwe mkweli kwenye daftari hili ingawa si lazima niwe mkweli kwa Kaka. Nimeshona pazia zito, tabaka tatu, kwa kidirisha cha Mama na kwa mlango. Milimita aliniambia tangu mwanzo kwamba haitoshi kupata joto, lazima ulifungie. Nilimsikia nusunusu kwa sababu pazia halikuwa na ajabu yoyote.

Julai 27

Mawingu. Kumi na tatu na nusu, kwa pazia peke yake. Hata hivyo ni zaidi ya kumi na moja.

Julai 30

Jua! Nimevifuta vioo saa tatu asubuhi kwa gazeti na siki, nikimkumbuka yule mama wa hospitali.

Julai 31

Kaka alikuja saa kumi na mbili jioni na gari la kazini, nyuma ameweka godoro. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote. Nilikuwa na daftari hili mkononi, namba zote, siku kwa siku. Aliponiona nalo akainua kiganja.

"Sitaki hesabu. Mawingu wiki nzima, nilimwazia Mama kila siku. Kumi na tatu si joto."

"Si joto. Ila si kumi na moja, na si mkaa."

"Kwangu kuna hita."

Akaingia chumbani, mimi nyuma yake, wifi nyuma yangu. Mama alikuwa kitandani na kigauni chake cha maua, mikono wazi, anamenya chungwa. Siku mbili za jua zilikuwa zimeshaingia kwenye mawe.

"Mama, jiandae, twende," Kaka akasema.

Mama akamaliza kumenya. "Umeme ukikatika kwako, hita inafanya nini?"

"Unarudi baada ya muda, Mama."

"Na mimi katika huo muda nikumbatie waya?" Akampa kipande cha chungwa. "Mimi si sanduku, baba. Huyu ananivuta huku, wewe unanivuta kule. Hakuna aliyeniuliza. Nauliza mwenyewe, najijibu mwenyewe: nakaa."

"Mama, nataka tu usife kwa baridi."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa chungwa."

Kaka akabaki amesimama. Kisha akafanya kitu ambacho hakukifanya tangu Juni: akauegemea ukuta. Nadhani alikuwa amechoka tu. Lakini mgongo wake ulipogusa mawe, akashtuka, akageuka, akaweka viganja vyote viwili. Akavipeleka juu, akavishusha chini, akasimama pale tundu la tatu lilipo, polepole, kama anayetafuta ufa. Mimi nikalifunga daftari.

"Paa limekaa vizuri," akasema mwishowe, na akatoka.

Alimwacha wifi na godoro.

Agosti 3

Kumi na saba. Wifi amerudi kwake, lakini alikaa siku tatu, na Kaka alijipikia mwenyewe siku zote tatu. Anasema aliiunguza sufuria.

Agosti 11

Jirani wa kushoto amekuja "kusalimia tu". Amekaa ameuegemea ukuta saa nzima.

Agosti 19

Leo Kaka amekuja kibandani kwangu sokoni. Hajawahi kuja pale. Akashika shika vitambaa, akauliza habari za biashara, akasema cherehani inahitaji mafuta. Nikaendelea kushona.

"Nina mteja," akasema. "Mwalimu mkuu. Ninamjengea kule juu, penye upepo. Amepita kwenu, ameona. Anataka huo wa kwako."

"Upi wa kwangu?"

"Usinifanyie hivyo."

"Upi, Kaka?"

Akatazama huku na huku. "Ukuta. Nipe vipimo vya matundu."

Nikakata uzi kwa meno. Nikamwambia vipimo sitoi kwenye karatasi. Nitakwenda kiwanjani mwenyewe, na atawaambia mafundi wake, wale wale wanne, kwamba nikisema jambo linafanyika. Uso ulimkunjamana. Nikangoja aondoke.

"Njoo tarehe ishirini na nne, saa mbili," akasema. "Vaa viatu vya maana."

Agosti 24

Kiwanja kiko mlimani, upepo unapita bila kubisha hodi. Mafundi walikuwa sita, wamekaa juu ya matofali. Yule aliyeniambia habari za Bosi alinisalimia akitazama chini. Mwalimu mkuu ni mwanamke wa makamo, ana buti za mpira na sauti ya gwaride. Msingi ulikuwa umeshachimbwa wote, mitaro imenyooka, kazi safi. Kaka hana mpinzani kwenye kunyoosha mtaro.

Nikauliza vyumba vya watoto viko wapi. Nikaonyeshwa. Nikauliza madirisha yatatazama wapi. Barabara.

Nikauzunguka mtaro wote, na sikuwa na haraka. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali walipopanga stoo na choo.

"Igeuzwe," nikasema.

"Nini?" akasema Kaka.

"Nyumba. Stoo na choo viende barabarani. Vyumba vya kulala vije huku. Ukuta mweusi utakaa hapa, si pale. Pale hautapata jua hata la kukaushia leso."

"Msingi umeshachimbwa."

"Nauona."

"Siku nne, watu sita!"

"Basi fukieni."

Hakuna aliyetikisika. Fundi mmoja alikohoa ili asicheke. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, kisha akamtazama Kaka, akakunja mikono, kama anayengoja mwanafunzi ajibu. Nilikuwa nimeshasema, na sikutaka kurudisha hata herufi moja. Kama angenifukuza, ningeshuka mlima na kurudi kesho kulisema tena.

Kaka akavua kofia. Akalitazama jua akiwa amekinga mkono, kisha akautazama mtaro wake, kona hadi kona. Akamsogelea fundi wa karibu, akamnyang'anya sepetu, akachota udongo, akaurudisha shimoni. Akachota tena. Wengine wakainuka.

"Haya," akasema bila kunitazama, "tuonyeshe mlango uwe wapi."

Nikamwonyesha.